Kamera Ilifika Kabla ya Jeraha?

Wasee, najua leo wengine wenu mtasema sina roho. Ni sawa. Zile video za mbwa amelala kwa mtaro, mbavu zinahesabika, piano inalia polepole, halafu nambari ya M-Pesa inatokea chini ya skrini? Siku hizi mimi situmi hata bob kabla sijauliza maswali.

Sababu ni kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nakula kwa kushuti na kuhariri video. Kwa hiyo nikiona mtu "amekutana" na mbwa aliyezama kwa shimo, naangalia kamera iko wapi. Kama kamera iko ndani ya shimo, imetulia, inamngoja mwokozi afike, basi kuna mtu aliingia humo kwanza, akaipanga, akatoka. Mbwa alikuwa anafanya nini wakati huo wote?

Hii si kuota kwangu. Kulikuwa na video kibao za chatu amemkaba mtoto wa mbwa, halafu jamaa anatokea mbio kumwokoa. Nyingi zilikuwa za kupangwa, yaani mnyama anatiwa hatarini ndiyo aokolewe mbele ya kamera. Ikafika mahali YouTube yenyewe, mwaka 2021, ikatangaza kwamba itapiga marufuku video za uokoaji wa kupangwa.

Na si mambo ya mbali. Mwaka jana kuna msee alinitumia klipu kumi na moja za paka mmoja. Alitaka dakika moja ya kuliza watu, na nambari ya kuchangia mwishoni. Nikazipanga kwa tarehe. Klipu ya kwanza, kidonda cha mguu ni kama sarafu ya shilingi kumi. Ya mwisho, siku tisa baadaye, mguu wote umevimba. Siku tisa mtu alikuwa hapo na simu mkononi! Nikamuuliza paka ataona daktari lini. Akasema, "Wacha kwanza pesa zitimie, akipona sai hatutakuwa na stori."

Nilimtumia nambari ya KSPCA, nikakataa kazi. Ilikuwa elfu nne, na caretaker alikuwa ameshaanza kunigongea mlango juu ya kodi. Mpaka leo sijui yule paka aliishia wapi.

Lakini ile sentensi yake ndiyo biashara yote. Kidonda ndicho mtaji. Paka aliyepona halizi mtu, kwa hivyo hakuna haraka ya kumponya. Na Kenya tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kumwacha mnyama ateseke bila sababu ni kosa, hata kama unamrekodi kwa huruma.

Kuna wenye watasema bila machozi watu hawatoi. Ni kweli, na kutibu mnyama ni pesa. Ndiyo maana hawa waongo wananiuma. Kila mtu mtaani ana yule mama anayelisha mbwa wa mtaa kwa mfuko wake, hana hata simu ya maana. Ukishachezwa mara mbili, yeye ndiye utamnyima.

Na inawezekana kuomba kwa njia safi. Angalia Sheldrick Wildlife Trust hapa Nairobi, wale wa watoto wa ndovu mayatima. Wanaomba pesa, lakini pia wanachapisha shajara za walezi, unasoma huyu amekula vipi, yule amehamishiwa wapi. Unafuata maisha ya mnyama mpaka anarudi porini.

Mtu wa kawaida hawezi kuandika shajara, sawa. Lakini anaweza kukwambia kliniki iko wapi na kukuacha ulipe huko moja kwa moja. Anaweza kukuonyesha yule paka wa mwezi uliopita, mzima ama amekufa. Na kabla hujakamilisha kutuma, soma lile jina linalotokea. Kama video ilisema ni shirika na jina ni la mtu binafsi, uliza ni nani.

Kwa hivyo ukiona video kama hiyo leo, andika tu kwa komenti: daktari ni nani, bili ni ngapi? Ukijibiwa vizuri, tuma kitu, hata kama ni mia. Ukiblokiwa, wabonyeze ripoti na uambie beste yako naye aripoti.