Mnunuzi wa Pili

Jumapili, 2 Juni 2024

Milioni 12 zimetimia. Zimenichukua miaka minne, vikoba viwili na ubahili ambao watu wa nyumbani hawatanisamehe upesi. Jioni nikaitoa habari tukiwa mezani, na hilo ni kosa langu mwenyewe, maana ubwabwa haujapoa nilikuwa nimeshachaguliwa gari. Aliyetoa hukumu ni mume wa mdogo wangu.

"Shemeji, chukua IST, nyeupe au silva. Siku ukiwa na shida unapiga picha asubuhi, jioni imeondoka."

Wote wakaitikia kama msikitini. Gari sijalinunua, tayari tunapanga nitakavyoliuza! Hakuna aliyeniuliza ninapenda nini. Ninachopenda ninakijua tangu 2019, ila ni humu tu ninapoweza kukiandika bila kuchekwa. Ninapenda Verossa.

Toyota waliitengeneza 2001 hadi 2004, basi, wakaachana nayo. Jina waliliokota kwenye Kitaliano, *vero* na *rosso*, kweli na nyekundu. Taa zake za mbele zinakutazama kama mtu aliyeamshwa usingizini na hakufurahi. Wengi husema ina sura mbaya. Sura mbaya ninaijua, na ile siyo.

Jumatano, 5 Juni

Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wametoa bei mpya za mafuta. Dukani tajiri alizisoma kwa sauti kama tangazo la msiba.

Saa ya chakula nikapita kwa dalali. IST ya 2004, namba D, milioni 11 na nusu, maongezi yapo. "Madam, hii alikuwa anaendesha mama mmoja, ofisini na nyumbani tu." Dar nzima magari yote yaliendeshwa na mama mmoja, ofisini na nyumbani. Sijui yale yanayogongwa kila siku pale Ubungo huwa ya nani.

Nikamuuliza kwa nini ile nyingine, IST ya 2003, ameipangia milioni 14. Akaniangalia kwa huruma. "Ile ni namba E." Gari ni kuukuu kuliko hili, ila limekaa Japani miaka mingi zaidi, likasajiliwa kwetu juzi. Kwa hiyo herufi ya kwenye kibao cha namba inahesabu umri wa gari tangu lilipovuka forodha, na mnunuzi analipia herufi. Nilidhani sisi wa duka la misumari na mabati ndio peke yetu wenye bei za ajabu.

Nyuma kabisa, karibu na ukuta, Verossa ya maruni. Namba C, milioni 6 na laki 8. Buibui ameshatanda kwenye kioo cha pembeni. Dalali akanikingia njia: "Hiyo usiiangalie, madam. Hiyo ukiinunua ndiyo umeolewa nayo."

Alhamisi, 6 Juni

Hesabu, baada ya kufunga duka.

Tuseme ninakaa na gari miaka minne. IST naipata kwa 11.5, naiuza 8.5. Nimepoteza milioni 3. Verossa naipata kwa 6.8, naiuza 3.5 kama Mungu akipenda. Nimepoteza milioni 3 na laki 3. Nimerudia mara mbili nikidhani nimekosea. Tofauti ni laki 3 kwa miaka minne, yaani 6,250 kwa mwezi, chipsi mayai mbili. Watu wanasema Verossa inashuka nusu na IST inashuka robo, na ni kweli, ila nusu ya kidogo na robo ya kingi zimekaribiana. Mimi mtunza vitabu wa duka nilipaswa kuliona hili Jumapili ile ile, kabla shemeji hajamaliza mchuzi.

Furaha ikadumu dakika kumi. Nikaweka mafuta. Kimara hadi Kariakoo na kurudi, na mizunguko ya Jumapili, kama kilomita 850 kwa mwezi. IST kwenye foleni inakwenda kilomita 13 kwa lita: lita 65. Verossa silinda zake sita nimeziwekea kilomita 7 na nusu: lita 113. Kwa 3,200 kila lita, tofauti inapita laki na nusu kwa mwezi. Miaka minne, zaidi ya milioni 7. Halafu ada ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo mnywaji anaichangia serikali kuliko mwenye kiasi.

Nimefunga daftari la hesabu kwa hasira.

Jumamosi, 8 Juni

Nimempigia simu Baba, kule Muheza. Nikamwambia nipo kati ya gari linalouzika na gari ninalolipenda. Akanyamaza kidogo, akasema, "Unaikumbuka Pijo?"

Nitaisahauje? Pijo 504 ya kubebea machungwa. Baba aliichagua kwa moyo. Ujana wake ulikuwa wa Safari Rally. Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Dar, alishinda na Pijo 404 mwaka 1966, akarudia 1967, na kwa Baba hilo lilikuwa limemaliza mabishano yote ya magari duniani. Akafurahi tena 504 iliposhinda 1975 na 1978. Akaja kuipata yake ikiwa imeshachoka, akaitengeneza na kuiosha kila Ijumaa.

1998 Mama akatakiwa kupasuliwa. Pijo ikawekwa sokoni. Ilikuwa nzima, lakini watu walikuwa wameshahamia Hailaksi. Siku zikapita. Waliokuja walikagua tairi, wakaahidi kurudi. Wiki ya tatu akaja mmoja aliyejua kwamba kuna mgonjwa ndani, na bei aliyoitaja, Baba hajaitamka mbele yetu hadi leo. Mama alipasuliwa, akapona. Baba hakununua tena gari.

"Bei nisingejali," akaniambia leo. "Zile wiki tatu."

Basi hiyo ndiyo IST ya shemeji. Anaponiambia "jioni imeondoka" anazungumzia hospitali, ada na msiba. Sisi wengine gari letu ndilo bima yetu na benki yetu, lenye matairi manne. Nimeona aibu kwa nilivyowacheka Jumapili.

Jumanne, 11 Juni

Nimesimama kituoni Kimara Mwisho saa 12 asubuhi, nimebanwa kati ya begi la mwanafunzi na ndoo ya mtu, na hapo basi la mwendokasi likanipa jawabu. Kwani nani alisema gari langu liende Kariakoo? Mwendokasi linanishusha Gerezani, hatua chache na dukani. Foleni ya Morogoro Road nikiwa kwenye gari langu itabaki foleni, tena ya kulipia maegesho.

Nikihesabu Jumapili, sokoni na safari za Muheza tu, nimefika wastani wa kilomita 250 kwa mwezi. Tofauti ya mafuta inashuka hadi lita 14, kama 45,000. Hiyo ninaiweza.

Na zile wiki tatu za Baba? Nikinunua Verossa inabaki milioni 4 na laki 7 ambayo IST ingeila. Nikiiweka Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, hutoka ndani ya siku chache za kazi, bila dalali, bila mtu wa kukagua tairi. Mama angepasuliwa wiki ile ile. Tatizo ni moja tu: je, nitaiacha ikae? Ninajijua. IST haiwezi kuchotwa laki moja moja kwa ajili ya vitenge.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda na fundi. Aliomba gari lisiwashwe kabla hajafika, akagusa boneti kuhakikisha ni ya baridi. Hakuna moshi. Maji ya rejeta hayana mafuta. Haidroliki ya giaboksi ina rangi inayotakiwa. Tukaoanisha namba ya chasisi na kadi. Akaniambia injini ni ile ile 1G ya Mark II GX 110, spea zake zimejaa mjini. "Kasheshe ni bodi, dada. Ukivunja taa ya hii utalia."

Taa ya kulia imepasuka tayari. Nikazunguka Gerezani nzima, hakuna. Ilala nimepata moja iliyotumika, laki 3. Nimerudi kwa dalali na bei hiyo mdomoni.

Jumatatu, 17 Juni

Idd. Pilau kwa mdogo wangu. Shemeji ananitumia picha za IST kwenye simu ilhali tumekaa kochi moja.

Alhamisi, 20 Juni

Milioni 6 na laki 2, mkataba kwa wakili, pesa kwa benki, si mkononi. Umiliki nimeanza kubadilisha TRA. Zilizobaki nimetoa za taa na bima, na milioni 4 na laki 7 nimezipeleka kule Mfuko wa Ukwasi siku hiyo hiyo, kabla kitenge hakijaniita.

Shemeji alipoliona gari akashika kichwa. "Sasa hii utamuuzia nani?" Nikamuuliza kama alipokuja kumposa mdogo wangu aliulizia na bei ya kuuzia. Mdogo wangu alicheka hadi akaacha mwiko chunguni.

Usiku nilitoka mara moja kulitazama uani. Mara mbili.

Jumapili, 7 Julai

Muheza, Sabasaba. Baba amelizunguka lote bila kusema neno. Akafungua boneti mwenyewe, akahesabu koili kwa kidole, moja hadi sita. Akauliza fedha nyingine nimeweka wapi. Nikamweleza. Akauliza tena, hutoka kwa siku ngapi. Nikamweleza. Ndipo akakaa kiti cha mbele, akavuta mlango, akasema twende hadi Tanga mjini tukanywe kahawa.

Dar hadi Muheza limekunywa lita 33. Kwenye hesabu niliandika 28. Nimesahihisha.