Kwanza Breki, Kisha Mbio

Kila mtu mzima ana kitu anachokipenda baada ya kazi. Wengine hucheza bao. Wengine hufuga njiwa. Mimi hupenda kutengeneza gari langu. Ni Subaru Impreza, gari la Japani. Ni kuukuu, lakini lina mbio. Jumatatu hadi Ijumaa huzungukia madarasa ya kisomo kwa pikipiki. Jumamosi mchana huvaa ovaroli, huchukua spana na kuingia chini ya gari.

Hapa Kasanda vijana huja kutazama. Huniambia, "Mwalimu, mbona gari lako halingurumi? Toa sailensa, liwe gari la mbio kweli." Mimi huwajibu, "Nguvu ya gari haimo katika kelele."

Ndugu msomaji, hebu tuone injini inavyofanya kazi. Injini hula petroli na hewa. Kwa kila kilo 1 ya petroli, huvuta karibu kilo 15 za hewa. Kwa hiyo chakula kikubwa cha injini ni hewa, nayo inatakiwa iwe safi. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu hufunika hata majani ya migomba. Chujio la hewa hulizuia vumbi hilo lisiingie ndani. Watu wengine huliondoa chujio ili injini ingurume. Vumbi likiingia, hukwangua silinda kama msasa. Baada ya muda injini hula oili, hutoa moshi na kupungukiwa nguvu. Aliyetafuta mbio amezipoteza mwenyewe.

Mabingwa wa mbio walijua jambo hili. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953. Yalipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilikuwa barabara za vumbi, mawe na matope, kama hizi zetu. Mwaka 1968 yaliondoka magari kama 90. Yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1970 na 1971 lilishinda gari la Japani, Datsun. Mwaka 1974 na 1976 alishinda Joginder Singh wa Kenya, ambaye alikuwa fundi magari. Yeye aliendesha Mitsubishi Lancer.

Magari hayo hayakuingia mbioni kama yalivyotoka kiwandani. Mafundi waliyaimarisha. Waliweka springi ngumu zaidi. Walifunga bamba la chuma chini ya injini, ili mawe yasiipasue. Waliongeza taa kwa ajili ya usiku. Walijua kwamba gari lisilofika haliwezi kushinda.

Mimi nami nimefuata njia hiyo. Nina daftari. Ndani yake nimeandika kila kazi, tarehe yake na gharama yake. Kwanza nilibadilisha pedi za breki na mafuta ya breki. Pili nilinunua tairi 4 zenye meno mazuri. Tatu nilibadilisha springi, gari likainuka kidogo. Nne, fundi wa kuchomelea alinitengenezea bamba la chuma. Injini yenyewe nimeiachia ukurasa wa mwisho.

Mke wangu naye hulisoma daftari hilo. Siku moja alijumlisha hesabu, kisha akaniuliza, "Baba, fedha hizi zingenunua mabati mangapi?" Swali lake lilikuwa la haki. Tulikaa tukapanga. Kwanza chakula, ada ya watoto na nyumba. Kinachobaki hukigawa, na fungu la gari halizidi kiasi tulichokiandika. Mwezi usio na fungu, mimi huosha gari tu.

Sasa tufanye hesabu. Gari likienda kilometa 40 kwa saa, tuseme breki hulisimamisha katika meta 10. Je, likienda kilometa 80 kwa saa? Wengi hujibu meta 20. Sivyo. Mwendo ukiongezeka mara 2, umbali wa kusimama huongezeka mara 4. Gari hilo litahitaji meta 40. Penye matope litahitaji zaidi. Ndiyo maana mwenye kuongeza mbio bila kuongeza breki anajichimbia kaburi, na pengine kaburi la mtoto wa jirani.

Masika ya mwaka jana jirani yetu alishikwa na uchungu usiku. Mvua ilikuwa inanyesha. Mume wake alikuja kunigongea mlango. Alikuwa mmoja wa wale waliotaka nitoe sailensa. Tulimlaza mama kiti cha nyuma pamoja na mkunga, mume akaketi mbele, tukaondoka kwenda hospitali.

Katika mteremko mmoja tulimkuta mtu mbele yetu. Alikuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, bila taa. Nilikanyaga breki. Tairi zilishika udongo na gari likasimama. Kati yetu na baiskeli ilibaki nafasi ya hatua 3. Yule mtu aligeuka, akatazama taa zetu, akapisha. Ndani ya gari hakuna aliyesema neno, isipokuwa mama aliyekuwa akiugulia.

Mtoto alizaliwa salama kabla ya mapambazuko. Ni msichana.

Jumamosi iliyofuata baba yake alifika kwangu na pikipiki yake. Hakuuliza habari za sailensa. Alisema, "Mwalimu, nitazamie breki." Tukazifungua pamoja. Zilikuwa zimekwisha kabisa. Siku hiyo naye alinunua daftari.

Kupenda mbio si vibaya. Lakini gari lako lijue kusimama kabla ya kujua kukimbia.

Maswali

1. Kwa nini chujio la hewa lisiondolewe?
2. Mwandishi alianza kutengeneza nini katika gari lake? Kwa nini?
3. Jadilini: katika kijiji chenu, nani hukagua breki za pikipiki na baiskeli, na lini?