Okoa picha kwanza, kompyuta baadaye

Laptopu ile ilikuwa ya marehemu. Aliinunua mwaka 2012 akiwa mwalimu wa sekondari, na alipofariki, mkewe aliihifadhi kabatini kati ya vitenge, nyumbani kwao Nkuhungu, jijini Dodoma. Ndani yake kulikuwa na video ya mwaka 2016, siku ya sendofu ya binti yao mkubwa, baba akiwa amesimama kutoa nasaha. Kitinda mimba wao alikuwa na mwaka mmoja tu baba alipoondoka. Sauti yake haikumbuki.

Siku moja mama aliitoa ili mtoto amwone baba yake. Laptopu iliwaka, kisha ikakwama kwenye kioo cheusi chenye maandishi kwamba diski inatakiwa kukaguliwa. Kwa ndani ikasikika tik, tik, tik.

Kijana wao, mwanafunzi wa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma, hakushtuka. “Mama, hii kazi ndogo. Naiamuru ijikague na kujirekebisha, asubuhi itakuwa imepona.”

“Na video ya baba yako je?”

Kijana akanyamaza.

“Zima, mwanangu. Kesho tukamwone fundi.”

Fundi wao, karibu na Soko la Majengo, aliiwasha kwa sekunde chache tu, akasikiliza, akaizima.

“Mama, hapa kuna magonjwa mawili, na dawa zake hazifanani,” alisema. “Chukulia diski ni wodi. Kuna daftari la mapokezi linaloonyesha nani amelala kitanda gani. Umeme ukikatika ghafla na betri imekufa, daftari linavurugika, lakini wagonjwa wapo salama. Hapo ile amri ya Windows iitwayo chkdsk inasaidia, maana inapanga daftari upya. Lakini hii inayogonga, ni vitanda vyenyewe vinavunjika.”

Akaeleza kuwa ndani ya diski za zamani kuna sahani zinazozunguka, nyingi za laptopu mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ikianguka au ikichakaa, kichwa hugusa sahani na kuikwaruza. Kuiamuru diski ya namna hiyo ijikague sehemu zote ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na diski inaweza kufa katikati. Hata isipokufa, marekebisho yanaweza kuacha faili zikiwa vipande vyenye majina kama FILE0000.CHK, ambavyo mtu wa kawaida hajui avifanyie nini.

Kijana aliinamisha kichwa. “Kumbe ningeimaliza, kaka.”

“Wengi wanaimaliza,” fundi alijibu.

Alifungua skrubu, akaitoa diski, akaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta nyingine. Hakuanza na kila kitu. Alimuuliza mama kitu gani hawezi kuishi bila kuwa nacho, akanakili video ile kwanza, kisha picha, kisha nyaraka za kiwanja. Baadhi ya folda ziligoma kabisa. Jioni diski ikanyamaza, na haikuamka tena.

Baadaye laptopu iliwekewa diski mpya aina ya SSD, isiyo na sahani inayozunguka, nayo inafanya kazi. Video sasa ipo sehemu tatu: kwenye laptopu, kwenye flashi iliyofungwa ndani ya kitenge, na kwa binti mkubwa aliyeolewa Mwanza. Na wewe msomaji, kama picha za harusi, za watoto au za waliotangulia zipo kwenye mashine moja tu, zinakili leo ingali inawaka. Ikianza kugonga au kukwama kila ukifungua faili, usiirekebishe kwanza. Izime, utafute wa kuokoa kilichomo.

Usiku ule familia ilikaa sebuleni. Video ilicheza vizuri hadi dakika ya nne, picha ikaganda, baba akiwa ameinua mkono. Sauti ikaendelea.

“Mama, mbona baba hasogei?” mtoto aliuliza.

“Msikilize tu, mwanangu,” mama akamjibu, akiongeza sauti.