Mstari Mmoja, Kalamu Isinyanyuke

Leo tuweke pembeni ubuyu wa mastaa. Majina sitaji, kama kawaida yetu, ila watu wa Magamba wakisoma hii watajuana wenyewe.

Jamani, huku kwetu Katavi tunalo darasa la kuchora watu. Usiwaze chuo. Ni uwanja nyuma ya banda la fundi mmoja wa mabango, mabenchi mawili, na sisi vijana sita au saba kila Jumapili jioni. Mwalimu ni huyo huyo fundi. Wa kuchorwa tunamtoa mtaani: dada anayeuza dagaa wa Karema, dogo wa bodaboda, yeyote anayeweza kutulia. Anakaa na nguo zake zote, msianze! Tunachanga, anaondoka na soda na buku mbili tatu.

Zoezi linalotutoa jasho linaitwa mstari mmoja. Unashika biki, sio penseli, maana ukiwa na penseli utatamani ufutio. Unaanzia popote, tuseme sikioni, na kalamu hainyanyuki mpaka dakika tano ziishe. Ukitaka kutoka puani kwenda jichoni lazima upite njiani, na hiyo njia itaonekana. Ukipita vibaya, unaendelea tu. Siri iko kwenye mwendo: jicho linatembea pembezoni mwa mtu taratibu kama sisimizi ukutani, na mkono unalifuata kwa mwendo huo huo. Mkono ukilitangulia jicho, ujue unachora mtu uliyemkariri, huyu aliyekaa mbele yako umeshamwacha.

Wengi wakiona kitu hiki wanasema ni mambo ya Ulaya, kwa kuwa Picasso alichora wanyama wake wengine kwa mstari mmoja. Lakini Wachokwe wa Angola, Kongo na Zambia wana michoro yao ya mchangani inayoitwa sona. Mchoraji anapanga vitone kwa vidole, kisha anazungusha mstari katikati yake, mara nyingi bila kuinua kidole, huku anasimulia hadithi. Mwaka 2023 UNESCO iliiandika sona ya Angola kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni. Kwa hiyo tusijione wageni kwenye hii kitu.

Kiukweli ugumu wake hauko mkononi, uko kwenye malezi. Tumefundishwa kwamba kumkodolea mtu macho ni utovu wa adabu, na akiwa mkubwa wako ndiyo usiseme. Sasa Jumapili moja akaja mzee mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu. Mguu mmoja uliumia shimoni, goti likapinda kwa nje, haukunyooka tena. Tukampa shikamoo, akaitikia, akakaa. Kuanzia hapo darasa zima likawa linaangalia kofia yake.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya penseli. Kuna karatasi mguu ulinyooshwa kama wa mwanajeshi, kuna nyingine ziliishia kiunoni. Fundi hakugomba. Akazunguka, akakusanya penseli zote, akagawa biki. "Mstari mmoja," akasema. "Anzieni kwenye kiatu."

Ukianzia kwenye kiatu, wadau, hakuna daraja la kurukia goti.

Zilikuwa dakika tano ndefu. Nilipofika pale nikaona mkono wake wa kulia umetulia juu ya lile goti, kama mtu aliyemshika mtoto begani. Nikaona suruali imeshonwa upya upande huo, kwa mkono, uzi umepita vizuri. Kuna mtu alikaa chini akaipima ifuate mguu ulivyo.

Muda ulipoisha mzee akaomba kuona. Akapitia zote, akabaki na ya binti mdogo kuliko sisi wote. Pua ilikuwa imehamia shavuni, ila mguu ulikuwa wenyewe. Akasema, "Huyu ndiye mimi. Kwenye simu za wanangu huwa naishia kiunoni." Soda akanywa, hela akapokea, na ile karatasi akaikunja akaitia mfukoni. Hakuna aliyethubutu kuidai.

Kwani nani alituambia mwili mpaka unyooke ndiyo upendeze? George Lilanga wa Mtwara, aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005, alianza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Mashetani aliyokuja kuchora yana masikio makubwa, matumbo ya ajabu na miguu ya kila namna, na yamezunguka dunia nzima.

Adabu ni nzuri, mimi siipingi. Ila kuna watu tumewakwepa kwa macho kwa heshima mpaka wameanza kujiona hawapo. Jaribu leo nyumbani. Biki na mgongo wa kalenda ya mwaka jana vinatosha. Muombe ruhusa mtu wako, bibi, baba, yeyote, halafu anzia pale ambapo macho yako yamezoea kuruka.