Pingili ya Jirani

Mavuno yakiwa mazuri, sisi watu wa Kanda ya Ziwa huishukuru mvua. Yakiwa mabaya, huilaumu serikali. Mtafiti hatajwi popote, wala hakuna aulizaye mbegu ilianzia wapi.

Wilayani Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza, kipo kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichoanza kazi miaka ya 1930. Herufi UK katika majina ya pamba yetu, kama UK77 na UK91, zatokana na jina hilo. Kazi yenyewe ni ya subira: kuchagua miche yenye majani ya vinyweleo, ambayo wadudu wafyonza utomvu huikimbia, kuipanda, kuichagua tena, msimu baada ya msimu. Mbegu moja huweza kuchukua miaka kumi na zaidi. Waziri aliyeidhinisha fedha mara nyingi huwa amekwisha ondoka madarakani mkulima anapovuna.

Lakini fundisho kubwa zaidi nimelipata katika muhogo. Miaka ya 1990 batobato kali, inayoenezwa na nzi weupe, iliharibu mashamba ya Uganda, kisha ikavuka mpaka ikaingia Kagera na baadaye Mwanza. Shangazi yangu wa Sengerema aling'oa shamba zima akapata mizizi minene kama vidole. Kwa nyumba inayoishi kwa ugali wa udaga, hiyo ni njaa, tena njaa ya mwaka mzima, kwa kuwa muhogo ndio akiba inayobaki ardhini mahindi yanapokauka.

Aliyemwokoa ni jirani, aliyempa mzigo wa pingili za mbegu inayostahimili ugonjwa. Shangazi alipovuna, naye akawagawia wengine. Hakuna aliyelipa hata senti.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mfanyabiashara gani atatumia miaka kumi kutafuta mbegu atakayoiuza mara moja tu, kisha ikasambaa bure ua kwa ua? Simlaumu, biashara ni hesabu. Kazi ya namna hiyo ama inafanywa kwa fedha ya umma, ama haifanywi. Brazili ilitambua hivyo ilipoanzisha shirika lake la utafiti, Embrapa, mwaka 1973, na nyika zake zilizodharauliwa leo zinazalisha soya kwa wingi. Nasi viongozi wa Afrika waliahidi mjini Maputo, mwaka 2003, asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Nchi nyingi hazijaifikia ahadi hiyo.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni kwa anayejaza bila kuacha. Utafiti ukikatiwa fedha mwaka huu, hakuna atakayelala njaa mwaka huu. Njaa hiyo huja baadaye, ugonjwa mpya unapobisha hodi, na jirani akawa hana pingili ya kutoa.