Kyumbi na Biashara ya Jasho

Kyumbi niijuayo ya miaka ya nyuma haikuwa na haja ya mtu wa kuwafanyisha wenzake mazoezi. Barabara ya Mombasa ilipita pale kama inavyopita leo, na ile ya kwenda Machakos mjini ikachepuka papo hapo, lakini mwili wa mkaazi wa makutano yale ulikuwa umeshachoka kabla matatu ya kwanza haijafika. Maji yalibebwa kwa mtungi wa lita 20 mgongoni, kamba imepitishwa kwenye paji la uso, na mara nyingi safari ya kurudi ndiyo ilikuwa ya mlima. Shamba nalo lilidai matuta ya fanya juu: mtaro unachimbwa kukingama mteremko, na udongo wake wote unarushwa kwa sepetu upande wa juu, hatua kwa hatua, mpaka kilima kizima kiwe ngazi. Vikundi vya mwethya, vya kusaidiana kazi, vilifanya kazi hiyo kote Ukambani, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Sitamani siku zile zirudi, kwa sababu zilivunja migongo ya watu wengi waliostahili kupumzika. Ninachosema ni kwamba mazoezi yalikuwa ndani ya riziki yenyewe, na hakuna aliyefikiri kwamba ipo siku yangetafutwa kwa pesa.

Mazoezi yalitoka humo polepole, tena kwa mambo mema. Tangi la maji liliwekwa karibu na nyumba. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, na baada ya muda mfupi bodaboda zikajaa kila makutano. Mwendo wa nusu saa kwa miguu ukawa wa dakika tano juu ya kiti. Kazi za ukanda huu wa barabara nazo zikawa za kukaa au kusimama mahali pamoja: cherehani za EPZ kule Athi River, lindo getini, duka la M-Pesa, usukani wa lori. Takwimu za nchi nzima zinaonyesha matokeo yake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2008 na 2009 ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya wanne ana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Ule wa 2014 ulikuta mmoja kati ya watatu, na wa 2022 ukakuta asilimia 45 ya wenye umri wa miaka 20 hadi 49. Umri wa waliopimwa haulingani kabisa kutoka utafiti mmoja hadi mwingine, lakini mwelekeo haufichiki. Utafiti mwingine wa 2015, uliohusu magonjwa yasiyoambukiza, ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini walikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Sisemi bodaboda ndiyo iliyoleta yote hayo. Vyakula vya kukaanga na soda vina sehemu yao, tena kubwa. Hata hivyo, huwezi kuuondolea mwili kazi yake ya kila siku, usiupe nyingine, halafu ushangae.

Jimu za kwanza za miji midogo kama hii hazikuzaliwa kwa sababu ya afya. Zilikuwa za vijana waliotaka kifua na mikono, na vifaa vyake vilitengenezwa uani. Kopo la Kimbo la kilo mbili lilijazwa zege, bomba la maji likasimamishwa katikati, na siku ya pili upande wa pili ukapewa kopo lake. Mkono mmoja ulikuwa mzito kuliko mwingine kwa sababu zege halikupimwa, na bomba lilipinda katikati baada ya miezi michache. Benchi ilikuwa mbao mbili juu ya matofali. Navikumbuka vyuma vile kwa heshima. Vilithibitisha kwamba mwili hauulizi kifaa kilinunuliwa wapi. Unajua uzito tu, na unajua kama uzito wa leo umezidi wa juma lililopita. Kasoro ilikuwa kwamba kila mmoja alikuwa mwalimu wa mwenzake. Aliyeanza Jumatatu alipewa uzito wa aliyeanza mwaka jana, na bega likaumia. Aliyetaka kuondoa kitambi aliambiwa apige situpu mia mbili, ilhali mazoezi ya tumbo huimarisha misuli iliyo chini ya mafuta bila kuyaondoa mafuta yenyewe mahali pale.

Hapo ndipo ninapoona mageuzi makubwa ya biashara hii, ambayo wenye jimu wengi bado hawajayakubali. Wanadhani wanakodisha chuma. Kwa hiyo mtaji wote unaingia kwenye mashine ya kukimbilia, ambayo inakula stima na ikiharibika fundi wake hapatikani Kyumbi, halafu mteja analipishwa kwa siku kama anayeingia choo cha stendi. Piga hesabu ya mfano. Kodi ya chumba ikiwa shilingi 12,000 kwa mwezi na kiingilio shilingi 100, inabidi watu waingie mara 120 ndipo kodi peke yake ilipwe, kabla ya tokeni za stima na leseni ya kaunti. Januari watu watafika. Machi hawatafika, na anayelipa kwa siku hana kinachomwuma akikosa. Sasa chukua wateja 10 wanaolipa 2,000 kila mwezi, kila mmoja ana ukurasa wake daftarini, mwalimu anajua goti lipi linauma na juzi alibeba kilo ngapi, na akikosa mara mbili anapigiwa simu. Hizo ni shilingi 20,000 zinazojulikana kabla mwezi haujaanza. Kuna sababu ya kimwili inayofanya ufuatiliaji huo uwe na thamani. Majuma ya kwanza nguvu huongezeka hasa kwa sababu ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza kuiamsha misuli iliyopo. Mabadiliko yanayoonekana kwenye kioo huchelewa miezi miwili au mitatu. Mteja asiyeelezwa hivyo huacha katika juma la tano akiamini mazoezi hayamfai. Anayeonyeshwa kwenye daftari kwamba alianza na kilo 10 na sasa anabeba 20 hubaki. Kwa hiyo mwalimu analipwa kwa maarifa na subira yake, na chuma ni zana tu ya kazi hiyo.

Watanipinga wengi, na pingamizi lao la kwanza lina uzito. Mpakiaji wa mchanga, mvunja mawe wa machimbo, mama anayekimbiza basi na beseni la machungwa: hawa wakafanye mazoezi gani tena? Ushahidi wa zamani unaonekana kuwaunga mkono. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London, wakaonyesha kwamba makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo kwa nadra kuliko madereva waliokaa. Dereva wa lori anayetua Kyumbi angefaa kuusikia utafiti huo leo hii. Lakini uchunguzi wa karibuni umeongeza jambo. Mwaka 2021 Andreas Holtermann na wenzake walitoa matokeo ya watu zaidi ya 104,000 wa Copenhagen waliofuatiliwa kwa takriban miaka 10. Waliojishughulisha wakati wao wa mapumziko waliishi zaidi, ilhali waliokuwa na kazi nzito za mwili walielekea kufa mapema. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani umaskini na uvutaji wa sigara vinaeleza tofauti hiyo. Mimi naona jambo moja halikwepeki: mpakiaji hachagui uzito, hachagui mapumziko, na hurudia mkao ule ule mpaka jioni. Anachohitaji kutoka kwa mwalimu ni jinsi ya kukunja nyonga badala ya mgongo anapoinua, na jinsi ya kuimarisha mabega ambayo kazi imeyapinda mbele. Hilo linafundishika kwa vipindi viwili vya nusu saa kwa juma, na bei yake lazima iwe ya mfuko wake.

Pingamizi la pili ni la bei hasa. Barabara ni ya bure, na mazoezi yamejaa kwenye simu. Tena hapa ni Machakos, nyumbani kwa Cosmas Ndeti aliyeshinda mbio za Boston 1993, 1994 na 1995, na Patrick Makau aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin mwaka 2011 kwa saa 2:03:38. Nakubali kwamba Shirika la Afya Duniani halimlazimishi mtu mzima kuingia jimu. Linataka dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa juma pamoja na angalau siku mbili za kuimarisha misuli, na kutembea upesi kwenda Kyumbi sokoni na kurudi kunahesabika. Mwalimu mwaminifu atamwambia mteja hivyo, hata kama atampoteza. Ila hata wakimbiaji wakubwa wa nchi hii hufanya mazoezi kwa makundi, na wana mtu wa kuwaambia leo punguza. Video haioni kwamba unaumwa. Haijui una miaka 52 na mama yako alikufa kwa kiharusi.

Hapo nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi katika biashara hii. Mtu yeyote mwenye misuli anaweza kufungua chumba na kujiita mwalimu. Tuwe na sharti moja la kuanzia, linalowezekana hata kesho. Septemba 2023 serikali iliwatuma mashinani wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, na kwenye mikoba waliyopewa mna kipima shinikizo la damu, kipima sukari na mizani. Wako vijijini, na wanatembelea nyumba. Mwenye jimu ya Kyumbi amwalike wa eneo lake siku moja kila mwezi, wateja wote wapimwe, na namba ziandikwe daftarini karibu na zile za kilo. Anayekutwa na 180 kwa 110 asiguse chuma siku hiyo. Aandikiwe karatasi yenye namba hizo, aende nayo kituo cha afya, na ada yake ya mwezi ingoje mpaka arudi na jibu la daktari.