Mwana, Jana, Enyana

Kiswahili kina majina mengi ya watoto wa wanyama: ndama wa ng'ombe, kinda la ndege, kiluwiluwi wa chura, shibli wa simba. Wanafunzi huyakariri kwa ajili ya mtihani, kisha mengi huyeyuka. Mimi limenikaa moja ambalo wengi hawalitambui: jana, yaani buu la nyuki. Warina asali wanalijua. Ukifungua mzinga ukakuta sega limejaa vitu vyeupe, laini, vilivyojikunja kila kimoja chumbani mwake, hayo ndiyo majana, na mrina makini huliacha sega hilo mahali pake.

Jana huyo hahusiani na siku iliyopita. Ni ndugu wa mwana na kijana. Shina lao, -ana, ni la kale mno. Limeenea katika lugha za Kibantu kuanzia Kameruni hadi Afrika Kusini. Karagwe, kwa bibi mzaa mama, mtoto ni omwana na ndama ni enyana. Ukivuka mpaka kwenda Rwanda utasikia umwana na inyana. Kiambishi tu ndicho kinachomtenga mtoto wa mtu na mtoto wa ng'ombe.

Pale kwa bibi enyana walikufa sana kwa ndigana kali. Matezi ya chini ya masikio huvimba, homa hupanda, ndama huacha kunyonya, mwishoni hupumua kwa shida na povu puani. Ugonjwa huenezwa na kupe. Chanjo ilitengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, lakini hutunzwa ndani ya naitrojeni yenye baridi kali, na vitu vya namna hiyo havikuwa vikifika bomani kwa bibi.

Kifo cha ndama huleta msiba wa pili, kwa sababu ng'ombe wengi wa kienyeji hawaachii maziwa mpaka ndama asogee. Wanuer wa Sudan Kusini, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia Evans-Pritchard katika kitabu chake cha mwaka 1940, walimchuna ndama aliyekufa, wakaijaza ngozi majani makavu, wakaipaka mkojo wa mama yake na kuiweka mbele yake. Ng'ombe akanusa, akalamba, maziwa yakashuka.

Wapo wanaosema huko ni kumhadaa mnyama. Sikubaliani nao. Ngozi ile ni ya mwanawe kweli. Manyoya anayoyalamba ni yale yale aliyoyalamba siku alipomzaa. Hajapewa uongo. Amepewa kilichobaki, na mwili wake umekiitikia.

Kaka yangu, kifungua mimba wetu, alifariki akiwa mtu mzima mwenye ndevu na familia yake. Msibani mama alimwita mwanangu tu, siku zote za matanga, kana kwamba ndevu hazikuwahi kuota. Neno hilo halina umri. Ndama hukua akawa mtamba au fahali, kifaranga akawa kuku, na jina la utoto likaachwa nyuma. Mwana hubaki mwana wa mtu hata akizeeka, hata akitangulia.

Ila majirani walipata shida. Miaka yote walimwita mama kwa jina la kaka, Mama Fulani, kama ilivyo desturi yetu. Baada ya mazishi wakaanza kusitasita. Mmoja mmoja wakahamia jina langu, kwa huruma, wakidhani wanamwepusha na kidonda. Mama aliitika bila kusema neno, nami nikadhani ameridhia.

Kisha akaja mtu kukusanya mchango wa harusi, akamwandika daftarini kwa jina langu. Mama aliomba kalamu. Akakata mstari juu ya jina langu, taratibu, akaandika la kaka pembeni, kwa herufi kubwa, akasema, "Huyu ndiye aliyenifanya niitwe mama." Akalipa mchango wake.

Habari zilienea mtaani kabla ya jioni, na tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Nilifarijika kuliko nilivyoweza kumwambia. Kila waliponitumia kuziba pengo lile, nilijiona nashiriki kumfukia kaka yangu mara ya pili.